Picha za Siku ya Hina

Aliyenifungia simu alinisalimia kwanza. Hilo ndilo linalonichefua mpaka leo kuliko mengine yote. "Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh," aliandika, kwa ukamilifu wake, bila ya kukata hata neno, kama mtu aliyelelewa na watu. Halafu akanialika harusini.

Mimi ni mshoni. Nashonea nyumbani, Mji Mkongwe, chumba cha chini chenye dirisha la kutazama kichochoro, na wateja wangu wote ni wanawake. Vipimo vyao ninavyo kichwani. Najua nani kanenepa tokea Idi iliyopita, nani kakonda na kwa sababu gani, nani ana kovu tumboni asilotaka hata dada yake alijue. Katika miaka yote hiyo hapana mwanamke aliyesikia kiuno chake kikitajwa mtaani akagundua kuwa maneno yametoka kwangu. Wengine wana maduka na wengine wana mashamba ya karafuu. Mimi nina mdomo uliofungwa, na ndio unaonilisha.

Ndiyo maana mtoto wa kaka yangu alipoolewa, simu iliyoruhusiwa kuingia ndani siku ya hina ilikuwa yangu. Sisi tuna utaratibu wetu. Siku ile wanawake huvua mabuibui, hufungua nywele, hucheza wanavyotaka, kwa hiyo mlangoni anawekwa mtu na kapu kubwa la ukili, na kila anayeingia anatia simu yake humo, awe jirani, awe dada wa bwana harusi. Inabakia simu moja tu, ya mtu mmoja anayeaminika, naye ndiye anayepiga picha zote. Picha hizo hazitumwi kwa mtu. Anayetaka kuziona anakuja, anakaa, anaonyeshwa, anakunywa chai yake, anakwenda zake. Tulidhani huo ndio usalama wenyewe. Hatukufikiri kuwa mwizi naye tumempunguzia kazi, tumemuachia mlango mmoja tu wa kuvunja.

Na zilikuwa picha nzuri, wallahi. Bibi harusi kakaa juu ya mkeka, kanga kajifunga kifuani, mabega wazi, nywele zimeachiwa mpaka kiunoni, mikono kainyoosha mbele ili hina isiharibike. Kuna mtu kasema upuuzi, naye kacheka mpaka macho yamefumba. Nyuma yake watu wazima wanacheza, na bibi mmoja, mgomvi anayejulikana mtaa mzima, kavua ushungi wake, mvi zote nje, kiuno kinakwenda kama cha msichana. Hapana mwanamme hata mmoja, wa kheri wala wa shari, aliyekusudiwa kuiona furaha ile. Ilikuwa yetu.

Sasa nieleze kwa nini niliifungua ile kadi, maana wasiokuwa wa kwetu hunicheka. Kwetu mwaliko hauulizwi. Zamani alikuwa akipita mwalishi, mwanamke aliyepewa kazi ya kualika nyumba kwa nyumba. Anapiga hodi, anasimama ukumbini, anasema fulani kakusalimu na anakuita harusini kwake, nawe unajibu, "Inshallah, tutafika." Humuulizi fulani yupi. Ukiuliza, umetangaza mwenyewe kuwa jamaa zako huwajui, kuwa umejitenga, au kwamba unachagua harusi za kwenda kwa kuangalia uwezo wa mwenye shughuli. Shangazi yangu mmoja aliuliza hivyo mara moja, kwa kupitiwa tu, na mpaka anaingia kaburini kila harusi aliyokwenda walimpokea kwa kicheko: "Karibu, karibu! Ushatujua sisi ni nani?"

Siku hizi mwalishi ni simu. Kadi zinakuja kwa namba usizozijua, za wifi wa mama wa bibi harusi, za mtu wa kamati, nawe unafungua, unatazama siku na mahali, unasema inshallah. Hii nayo ilikuja asubuhi, na picha ya maua. Maneno yake yalisema tutafurahi tukikuona. Nikabonyeza. Simu ikaniuliza kama naruhusu. Nikaruhusu. Ikauliza tena, nikaruhusu tena. Nilidhani ndivyo kadi za kisasa zinavyofunguka, na mimi nilikuwa na gauni la mtu mashineni, sina muda wa kubishana na kioo.

Kioo kikawa cheusi, halafu chekundu. Maandishi yakatokea, kwa Kiswahili kichafu kilichochafuka zaidi kwa kuandikwa kwa herufi kubwa: SIMU YAKO IKO NA SISI. LIPA KABLA SAA SITA MCHANA AU WATU WAKO WOTE ATAONA. Na chini yake, ili nisidhani ni mzaha, akaniwekea picha. Ndiye yeye, mtoto wa kaka yangu, na mabega yake, na kile kicheko.

Hasira nazijua, ni rafiki zangu wa zamani. Kilichonipata siku ile kilikuwa kinyaa, na kinyaa kina ubaridi. Niliitupa simu juu ya meza ya kukatia kama mtu aliyetia mkono mtungini akashika kitu kina utelezi. Kuna mtu, sijui yuko nchi gani, sijui ni mkubwa au mdogo, sijui alikula nini asubuhi ile, alikaa kitako akazipitia picha zetu moja moja. Tena akachagua. Hilo la kuchagua ndilo lililonigeuza roho. Alitazama wote, vizee na wasichana, akaamua huyu ndiye wa kutishia watu. Nilikwenda kunawa mikono kwa sabuni. Nikarudi, nikakiona kioo, nikaenda kunawa tena.

Kisha nikaizima, nikaifunga ndani ya kipande cha bitana, nikaitia kwenye kopo tupu la maziwa ya unga. Sikuweza kuiweka mkobani ikanigusa ubavu.

Simu ya kupigia nilimuazima Ami. Huyu si ami yangu wa damu. Alikuwa rafiki wa marehemu baba yangu, nyumba yake inatazamana na yangu, na siku tuliyomzika baba alikuwa wa mwanzo kutia bega kwenye jeneza. Tokea nijue kusema sijapata kupita mbele ya baraza yake bila ya kumuamkia. Alikuwa amekaa pale pale pake, na kanzu yake na kofia yake ya viua.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekusawijika hivyo?"

"Naomba simu yako nipige. Yangu washanifungia wezi."

"Wezi gani hao wanaofunga simu?"

Nikamwambia. Nilimwambia na zile picha, kwa sababu nilikuwa nimechanganyikiwa na kwa sababu alikuwa Ami. "Mna picha humo za siku ya hina, Ami. Zetu wanawake. Wanasema watazitoa."

Akatikisa kichwa muda mrefu. "Watu hawana haya," alisema. "Hawana haya hata chembe. Chukua, mwanangu, piga unavyotaka." Akanipa simu, akageuka kutazama upande wa pili ili nizungumze kwa nafasi. Nikajisemea moyoni kuwa waungwana bado wapo.

Nilimpigia wifi yangu, mama wa bibi harusi. Harusi ilikuwa haijatimiza wiki, na bibi harusi bado yumo fungateni nyumbani kwa mama yake, haruhusiwi hata kuosha kikombe. Wifi aliposikia alipiga ukelele wa kufiwa. Lipa, aliniambia, lipa sasa hivi, uza mashine. Nikamuuliza nikishalipa yule mtu atazisahau alizoziona? Nilikuwa sijawahi kusikia mwizi aliyerejesha macho. Akaanza kulia, na simu ikachukuliwa na mtu mwengine.

"Shangazi."

"Naam, mwanangu."

"Nani kaona?"

"Bado hajaona mtu."

"Yeye kaona."

Nikaihamishia simu sikio jengine.

"Basi asione mwengine, shangazi," alisema. "Nakuomba. Asione mwanamme mwengine."

Hiyo ndiyo ikawa kazi yangu ya siku ile. Simu ningeweza kununua nyingine. Wifi na mimi tukagawana: yeye alichukua wanawake wa Mji Mkongwe, mimi nikachukua wa mitaa ya Ng'ambo. Nikarejesha simu ya Ami kwa mikono miwili, nikamshukuru, nikavaa buibui nikatoka na kopo langu.

Nilipita nyumba kwa nyumba kama mwalishi, ila mimi nilikwenda kuwakataza watu. Maneno yangu yalikuwa mafupi. Ikija kitu kwa jina langu, si mimi. Usifungue. Na mwenye mume au kijana wa kiume ndani amchukulie simu mpaka jioni, kwa hila au kwa nguvu, atajua mwenyewe. Kila niliposema hivyo nilijisikia kama nimekanyaga uchafu na sasa naupeleka kwenye mikeka ya watu.

Mtaa wa Amani nilimkuta yule bibi aliyecheza bila ya ushungi. Nikamuamkia, nikamueleza. Aliniuliza jambo moja tu.

"Na mie nimo?"

"Umo, bi mkubwa."

"Na mvi zangu?"

"Na mvi zako."

Akacheka. "Basi na atizame, mwanaharamu huyo, ajue bibi yake alivyokuwa." Nikacheka naye. Halafu akauvuta ushungi ukamfunika mpaka kwenye nyusi, na ndani ya chumba kile tulikuwa wawili tu, na mlango umefungwa. Nikiulizwa mwizi kachukua nini, huwa namkumbuka yeye.

Nyumba iliyofuata, mwenye nyumba alinipokea mlangoni wala hakunikaribisha ndani. "Mmezidi na mapicha yenu," aliniambia. Nikamkumbusha kuwa yeye ndiye aliyeng'ang'ania apigwe mara tatu, upande wa kulia kwa sababu wa kushoto una chunusi. Akafunga mlango. Mwengine, mteja wangu wa siku nyingi, alinisikiliza mpaka mwisho kwa upole, akaniambia pole, akanipa maji, na nilipoinuka kuondoka akasema, "Kile kitambaa changu, kama hujakikata, nirejeshee. Ntakushonesha siku nyengine." Siku nyingine hiyo naijua, haipo katika kalenda yoyote. Watu wananiambia nisimlaumu, mwanamke alikuwa na hofu. Mimi namlaumu, na mpaka leo nikimuona sokoni namuangalia lile gauni alilokwenda kushonewa kwengine, limemkaa kama gunia.

Mwanakwerekwe niliifanya ya mwisho, kwa sababu shoga yangu anakaa nyuma ya soko na nilikuwa nataka mtu wa kukaa naye kidogo. Tumekaa juu ya mkeka, nishamweleza yote, adhana ya adhuhuri inaingia, na simu yake iliyokuwa pale baina yetu ikalia. Kioo kikawaka. Jina langu.

"Wee si uko hapa?" alisema.

Tulitazamana. Mimi niko mbele yake, na kopo langu pajani, na bado nilikuwa nikimpigia hodi kwenye simu. Akanyoosha mkono, akaigeuza kifudifudi, akainuka kidogo, akaikalia.

"Nshaikalia," alisema. "Haitoki hiyo."

Alikuwa mnene, Mungu amzidishie, na nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Kisha nikaacha kucheka. Saa ile ile, kila lilipohifadhiwa jina langu, katika maduka ya vitambaa, kwa fundi wa mashine, kwa waume wa wateja wanaonipigia kuuliza nguo za wake zao, mlio ule ule ulikuwa ukilia, na mimi sikuwa na watu wa kuzikalia zote.

Nilikwenda moja kwa moja Mlandege kwa fundi wa simu. Alikuwa mtu mzima wa rika langu, na ukucha mrefu wa kidole cha mwisho anaoutumia kubandulia vifuniko. Alilifungua kopo, akaifunua bitana, akanitazama kama nimemletea mtoto wa paka.

"Kimeingiaje?"

"Kadi ya harusi."

"Harusi ya nani?"

"Ndilo ambalo sikuuliza."

Akaiwasha, akaona wekundu, akaguna. "Mna nini cha maana humu?"

"Picha."

"Picha za namna gani, Bi?" Aliuliza na upande mmoja wa mdomo ukainuka.

"Fanya ni za mama yako," nilimwambia. "Siku yake ya hina."

Mdomo ukarudi mahali pake. Alichukua kitambaa, akajifuta mikono vizuri kabla ya kuigusa tena simu, na kwa hilo tu nikamsamehe. Akanieleza kuwa anaweza kuifungua, lakini kwa kufuta kila kilichomo, na kikishafutwa hakirudi. Alizokwisha kuzichukua mwizi hizo hana mkono nazo.

Hapo ndipo nilipoielewa akili yetu ya kapu na simu moja. Hapana mtu mwengine aliyekuwa na picha za siku ile. Zikifutwa, mtoto wa kaka yangu atazeeka bila ya kuwaonyesha watoto wake alivyokuwa, na wa kubaki nazo atakuwa yule mchafu peke yake. Nikaazima simu ya fundi, nikampigia.

"Hutobakia na hata moja," nilimwambia.

"Futa, shangazi."

"Hata ile ya yule bibi mgomvi anacheza?"

Nilimsikia akivuta pumzi. "Futa," alisema.

Fundi akafuta. Halafu akaitoa laini, akaitia katika simu kuukuu niliyoinunua pale pale kwake, akaniandikisha upya kwenye programu ya ujumbe, akasubiri, akabonyeza. "Sasa katolewa nje," aliniambia. "Hana njia ya kutumia jina lako. Kuanzia hivi sasa anayekuandikia anakuandikia wewe." Nilikwenda pia kuripoti polisi. Waliniandikia kwa adabu, wakaniambia watu hawa wako mbali, na nikarudi nyumbani.

Jioni ile simu haikupumzika. Ilikuwa picha moja tu iliyotumwa, ile ile ya kicheko, lakini ilikwenda kwa kila mtu. Wanawake walinipigia kusema wamefuta. Mfanyabiashara mmoja wa vitambaa, mtu tusiyezungumza zaidi ya bei, aliniandikia, "Bi, simu yako inatuma kitu kisichofaa, nimekifuta bila ya kutazama." Nilimsadiki nusu, na nusu hiyo nilimuombea dua. Bwana harusi hakuniuliza lolote. Aliniletea mkate wa kumimina, akauweka juu ya meza ya kukatia, akasema, "Mama yangu kakusalimu," akaondoka. Yule kijana alioa vizuri, na mtoto wa kaka yangu naye kaolewa vizuri.

Nilimpigia bibi harusi.

"Nani kaona?" aliniuliza tena.

"Walioipata wengi wamefuta."

"Hilo silo nnalokuuliza, shangazi."

Alikuwa na haki. Kufuta ni baada ya kuona. Nikamwambia sijui, na ilikuwa kweli, sikuwa nikijua.

Asubuhi ya siku ya pili nilikuwa natia uzi kwenye sindano ya mashine, simu ikalia. Nikaona ni Ami. Namba yake niliiweka upya mwenyewe usiku uliopita, ya mwanzo kabla ya nyingine, kwa sababu alinifaa. Nikadhani ananiuliza nimeamkaje.

"Assalamu alaykum," aliandika. "Zipo nyengine?"

Nikafikiri anauliza nguo. Wallahi nilizifikiria nguo kwanza, nikaangalia hata kabatini. Kisha nikauona uzi umenidondoka mkononi.

Mfanyabiashara wa vitambaa angeweza kusema hakujua picha ile imetokaje. Ami nilimwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu, huku simu yake imo mkononi mwangu. Alijua ni picha za nani na za siku gani. Alijua jina langu liko mikononi mwa mwizi, hakujua tu kuwa nimelirejesha, kwa hiyo alikuwa akizungumza na mwizi, akimuomba. Wala hakuandika papo kwa papo, kwa kupitiwa na shetani kama tunavyopenda kusema. Picha aliipata mchana. Akala, akasali, akalala, akaamka, akanywa chai yake, ndipo akaomba nyingine. Na alianza kwa salamu.

Yule mwizi sikuwahi kumtarajia kitu. Ni uchafu, na uchafu unanuka, hiyo ndiyo kazi yake. Lakini huyu amekula kwenye sahani zetu. Huyu mtoto alimuona akizaliwa, akimpa vijipipi pale barazani akitoka chuo cha Kurani, na sasa anataka kumuona mabega. Nilikwenda kunawa mikono, na hapakuwa na kitu nilichokishika. Nilinawa mpaka ngozi ya vidole ikajikunja. Niliporudi ujumbe haukuwepo tena, palikuwa na maneno tu kuwa umefutwa. Alikuwa ameziona alama zikigeuka buluu, akajua kuwa kuna mtu kausoma, na bila ya shaka akaanza kuhesabu ni nani. Nilisikia dirisha lake la juu likifungwa.

Sikumwambia mtu. Wifi angemvaa hadharani, kaka yangu angemvaa vibaya zaidi, na mwisho wa yote mtoto angepata jibu la suali lake kwa kelele za mtaani. Nikawa napita kichochoro cha nyuma, kile chenye maji machafu, naruka madimbwi na viatu mkononi. Heri maji machafu yale, yanajulikana yametoka wapi.

Fungate lilipokwisha, bibi harusi alikuja kwangu alasiri moja kujaribu gauni. Lilimkaa vizuri. Hatukuzungumza lolote la simu. Aliniomba nimsindikize kwa rafiki yake, nami nikavaa buibui, na tulipotoka nikageukia upande wa kichochoro cha nyuma. Akanivuta mkono.

"Tupite huku, shangazi. Sijamuamkia Ami tokea harusi, atasema nina kiburi."

Sikupata nafasi ya kutunga uongo wowote. Tulikuwa tushatokeza mbele ya baraza.

Alikuwa amekaa pale pale, kanzu nyeupe, kofia ya viua, simu mkononi. Alipotuona akaitia mfukoni haraka. Picha pekee iliyobakia ya siku ile katika kisiwa kizima, kama ipo, ilikuwa ndani ya mfuko ule, inagusa paja lake. Mtoto wa kaka yangu alikuwa ashatabasamu, ashafungua mdomo kutamka shikamoo, kwa ile sauti niliyomfundisha mwenyewe alipokuwa hajafika magotini mwangu. Nikamshika kifundo cha mkono, juu kidogo ya hina iliyokuwa ikianza kufifia, nikambana kwa nguvu.

Akanitazama usoni. Kisha akaufunga mdomo.

Tukapita. Sikumuamkia, kwa mara ya kwanza tokea nijue kusema, na yeye hakutuita. Tulikuwa tushampita, tumekaribia kona, tuliposikia nyuma yetu sauti ile ile ya siku zote.

"Marahaba, wanangu."

Hapana aliyemuamkia. Mtoto wa kaka yangu hakugeuka. Alilivuta buibui lake mbele, akaufunika mkono wenye hina, na tokea siku ile hajaniuliza tena nani kaona.